Mwaka Idara ya Miti Ilipopata Hati Safi

Mama Clotilde Kalenga alikuwa mkaguzi wa hesabu za serikali, na kazi hiyo ilikuwa imemwingia mwilini kiasi kwamba hata nyumbani kwake, katika mtaa wa Makomeno, ukimwambia mvua inanyesha, alichungulia dirishani kwanza. Mume wake Zéphirin, dereva wa treni aliyestaafu, alikwisha kuzoea. Akirudi sokoni na samaki, mkewe alimuuliza bei, akauliza na muuzaji ni nani, na kesho yake alipopita sokoni kwa shughuli zake alimuuliza yule muuzaji bei ile ile. Si kwamba hakumwamini mumewe. Alimwamini kabisa. Alipenda tu, kama alivyosema mwenyewe, neno lisikike kutoka pande mbili.

Baba yake alitoka Kongolo akiwa kijana, akaajiriwa katika reli, akazaa watoto wengi na kuwasomesha kwa masista. Clotilde ndiye aliyependa hesabu. Alipoingia kwenye ukaguzi alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ndogo, na mabosi wa idara walimwita "mwanangu". Sasa alikuwa mama mzito mwenye miwani, wajukuu, na mkoba mkubwa mweusi, na mabosi wale wale walipomwona akishuka kwenye teksi walikumbuka ghafla kwamba walikuwa na mkutano mahali pengine.

Kazi yenyewe aliieleza kwa wepesi akina mama wenzake wa parokia walipomuuliza. Kila idara ya serikali hufunga hesabu zake za mwaka. Yeye huenda kuangalia kama kilichoandikwa kipo, halafu huangalia jambo la pili, gumu zaidi: kama anayeweka kitu si yule yule anayekitoa, na kama yupo mtu wa kumwangalia mwenzake. Hilo la pili kwa lugha ya ofisini liliitwa udhibiti wa ndani. Mwisho huandika maoni yake. Kila kitu kikiwa sawa, idara hupata hati safi. Kisipokuwa sawa, hupata hati yenye mashaka.

Katika maisha yake yote ya kazi Mama Clotilde hakuwa amewahi kuandika hati safi. Si kwa roho mbaya. Aliwahi kuonyeshwa gari la serikali lililoandikwa kuwa jipya, akalikuta halina magurudumu na kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Aliwahi kuonyeshwa jenereta iliyofunikwa turubai, akainua turubai na kukuta meza juu ya meza. Idara moja ilikuwa na kamati ya udhibiti yenye wajumbe mashuhuri sana. Alipoomba kuonana nao alipelekwa kwa wajane wao. Basi wenzake wakambatiza Mama Mashaka, na yeye alilipokea jina hilo bila kinyongo, ingawa moyoni alikuwa na tamaa moja tu kabla ya kustaafu: kukutana, hata mara moja, na idara ambayo atasema juu yake kwamba yote ni sawa.

Ndipo akatumwa kwenye Idara ya Miti na Bustani.

Ilikuwa idara ndogo ambayo watu wengi mjini hawakujua kama ipo. Watu wake ndio waliopogoa mijakaranda ya barabarani na kumwagilia maua ya kwenye mizunguko, na ofisi zao zilikuwa nyuma ya kitalu cha miche, katika jengo la zamani lenye veranda ndefu. Mkurugenzi wake, Direkta Guelor, alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na aliogopa ukaguzi kama watu wengine wanavyoogopa sindano. Siku Mama Clotilde alipofika, mashina ya miti yote uani yalikuwa yamepakwa chokaa mbichi, na dirisha la ofisi ya Direkta lilikuwa na pazia jipya ambalo karatasi ya dukani ilikuwa bado inaning'inia pembeni. Mezani kulikuwa na soda za kila rangi. Mama Clotilde alishukuru, akatoa kwenye mkoba wake chupa ya chai na karanga zake zilizofungwa kwenye karatasi, na Direkta akaelewa kwamba kwa soda hapatapatikana kitu.

Alianza na vitu vyepesi. Aliomba kuona matoroli, na matoroli yalikuwepo, kila moja na namba yake kwa rangi nyeupe. Aliomba majembe, mikasi, mipira ya maji. Vyote vilikuwepo. Akaenda kwenye miche, akifikiri kwamba hapo ndipo atawakamata, kwa sababu hakuna mtu duniani anayeweza kusema kwa uhakika ana miche mingapi. Wao walijua. Hata iliyokufa iliandikwa, na chanzo cha kifo: huu ulikauka, huu ulikanyagwa, huu uliliwa na mbuzi wa jirani, na mbuzi huyo alishuhudiwa na watu wawili waliotia sahihi.

Siku ya kwanza Mama Clotilde alifurahi. Siku ya pili aliingiwa na shaka. Siku ya tatu alirudi nyumbani kula mchana akiwa na uso wa mtu mgonjwa, na bukari, ugali wa kwao, aliukata kata tu bila kuupeleka mdomoni.

"Kule iko kitu banaficha," alimwambia mumewe.

"Juu ya nini unasema vile?" aliuliza Zéphirin.

"Juu kila kitu iko."

Zéphirin alitafuna kwanza, kisha akasema kwamba labda ni watu waaminifu tu. Mkewe alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyetumia ujana wake kuendesha treni na asijue dunia ya ofisini. Waaminifu, alimweleza, huwa na makosa. Wanasahau, wanachanganya, wanapoteza kipande. Hawa hawakuwa na kosa hata dogo, na hilo halikuwa jambo la kawaida.

Basi kesho yake, bila kumwonya mtu, alisimama mbele ya mlango wa depo, yaani ghala ambamo zana zilifungiwa, na kuagiza ifunguliwe wakati ule ule. Mlango ulikuwa na kufuli mbili kubwa, moja juu na nyingine chini. Direkta alimtuma Annie, karani wake, mwanamke mkimya aliyevaa ndala za mpira ofisini ili apumzishe miguu, na Annie alikwenda kwanza upande wa kulia wa veranda, kisha akavuka kwenda upande wa kushoto kabisa.

Kutoka kulia alitokea mhasibu, Papa Floribert, mtu mrefu mwenye tai na miwani, mwana wa mwalimu aliyetoka Kasai. Alitembea akishika ufunguo wake kwa vidole viwili kana kwamba una moto. Kutoka kushoto alitokea mtunza depo, Mama Victorine Mumba, mfupi, mwepesi, mwenye kitenge kilichofungwa kwa nguvu na ufunguo wake shingoni kwa kamba. Papa Floribert alifungua kufuli ya juu huku akitazama mijakaranda. Mama Victorine alifungua ya chini akiwa amempa mwenzake mgongo, jambo ambalo si rahisi kulifanya mbele ya mlango mmoja, na ilionekana wazi kwamba alikuwa na mazoezi ya muda mrefu.

Walipoingia ndani, Mama Clotilde aliuliza pompi ya kunyunyizia dawa iko wapi.

"Annie," alisema Papa Floribert, "ambia mama wa depo kama mama mukaguzi iko anatafuta pompi."

Mama Victorine alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kuweza kumkanyaga. "Annie," alisema, "ambia papa wa hesabu kama pompi iko nyuma yake. Kama anajua kugeuka."

Annie alirudia maneno hayo kwa upande wa huku, kisha kwa upande wa kule, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo redioni. Papa Floribert akageuka. Pompi ilikuwepo.

Jioni hiyo, wakati wote walipokwisha kwenda zao, Mama Clotilde alimgawia Annie karanga na kumuuliza kuna nini. Annie aliketi, akavua ndala, akasimulia.

Miaka ya nyuma, shangazi wa Mama Victorine alifariki, yule aliyemlea tangu utoto. Kama desturi, Mama Victorine alibandika tangazo la msiba kwenye mlango wa ofisi ili wenzake wajue mahali pa kuja. Sasa Papa Floribert alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kupita mbele ya neno lililoandikwa vibaya. Kwenye menyu ya mgahawa alisahihisha, kwenye kalenda alisahihisha. Asubuhi hiyo aliona jina la marehemu limeandikwa Clémantine, na A katikati. Akatoa kalamu yake nyekundu, akafuta A, akaweka E, akapiga na mstari chini kama alivyofanya baba yake kwenye madaftari ya shule. Alidhani anasaidia. Waombolezaji waliopita siku nzima waliona wekundu ule kabla ya kuona kitu kingine. Mama Victorine alimuuliza mbele ya watu kama yeye alimjua marehemu kuliko waliomzika. Papa Floribert, badala ya kuomba radhi, alijibu kwamba yeye hakumjua marehemu, lakini Kifaransa alikijua. Tangu hapo hawakusemezana.

Lakini kazi ilibidi iendelee. Kwa kuwa hawakuweza kuambiana kitu, walianza kuandikiana kila kitu. Mama Victorine hakutoa hata msumari bila karatasi iliyosainiwa. Papa Floribert hakuingiza jambo kwenye hesabu bila kwenda kulitazama kwa macho yake. Mmoja alingoja siku mwenzake atakapokosea kujumlisha. Mwingine alingoja siku jembe litakapopotea. Walingojeana hivyo mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyekosea, kwa sababu hakuna aliyetaka kumpa mwenzake furaha hiyo. Direkta alijaribu kuwapatanisha. Aliita mchungaji mmoja, aliita na padri, aliandaa chakula. Wote wawili walikuja, wakala vizuri, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Mama Clotilde alitafuna karanga zake polepole. Ghafla alielewa, na alihisi kitu kama mwanga. Vitabu vya kazi yake vilieleza kwa kurasa nyingi jinsi ya kumpanga mtu amwangalie mwenzake, na semina ziliendeshwa, na wataalamu waliletwa kwa ndege. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba dawa yenyewe ni chuki.

Akaandika hati safi. Ilibidi aanze upya mara mbili kwa sababu hakujua maneno yake yanakaaje. Mkuu wake alipoisoma alimpigia simu kumuuliza kama anaumwa.

Direkta Guelor aliitia hati hiyo kwenye fremu na kuitundika juu ya kiti chake. Alipongezwa kwenye mkutano wa mkoa. Wakuu wa idara nyingine wakaanza kuja kujifunza, wakiwa na madaftari, na Direkta aliwatembeza mpaka mbele ya depo na kuwaonyesha kufuli mbili, akizungumza juu ya "mufumo" wake. Walirudi kwao wakanunua kufuli mbili. Haikuwasaidia kitu, kwa sababu kwao wenye funguo walipendana.

Mambo yangeishia hapo kama si dhamiri ya Mama Clotilde. Jumapili moja padri alihubiri juu ya watu wasiosemezana, na Mama Clotilde, katika safu ya tatu, aliona kwamba anatazamwa yeye. Alikuwa amekuta watu wawili wazima katika uadui, na yeye, kwa muhuri wa Jamhuri, ameandika kwamba hali ni nzuri na iendelee hivyo hivyo. Jioni alimweleza mumewe. Zéphirin alimwambia kazi yake ni kuhesabu majembe, mioyo ya watu aiache. Ulikuwa ushauri mzuri. Hakuufuata.

Alijisemea kwamba faili imekwisha kufungwa, kwa hiyo havunji sheria yoyote. Akampigia simu Papa Floribert, akampigia na Mama Victorine, kila mmoja peke yake, akawaambia wakutane naye Jumamosi kwenye geti la makaburi kwa uhakiki wa mwisho. Hakuwaambia uhakiki wa nini. Wote wawili walikuja mapema, kwa hamu, kila mmoja akiamini kwamba limepatikana kosa la mwenzake. Papa Floribert alikuja na jalada kwapani.

Mama Clotilde aliwaongoza kati ya makaburi mpaka kwenye msalaba wa saruji ambao Annie alimwelekeza. Majani yalikuwa yamekua kwa mvua. Jina lilichorwa kwenye saruji kwa herufi kubwa: CLÉMANTINE.

"Papa Floribert," alisema Mama Clotilde, "soma."

Papa Floribert alisogeza miwani, akainama, akasoma, akanyooka. Alikiri kwamba kweli ilikuwa A. Lakini, alisema kwa heshima, fundi wa msalaba alinakili kutoka kwenye tangazo, na tangazo liliandikwa na mama huyu huyu. Kwa hiyo ushahidi wote ulitoka kwa mtu mmoja.

Mama Clotilde aliyatambua maneno hayo. Maisha yake yote alikuwa amekataa ushahidi wa namna hiyo, kwa maneno hayo hayo. Hakuwa ameandaa njia ya pili. Alisimama kati ya makaburi akiwa na mkoba wake, akijiona mjinga.

Mama Victorine alikuwa amekwisha kuinama na kuanza kung'oa majani. Aling'oa kwa hasira, akitupa nyuma. Kisha, bila kuinua kichwa, alisema, "Annie, ambia huyu papa..."

Annie hakuwepo. Annie alikuwa kwao anafua, maana ilikuwa Jumamosi. Mama Victorine alitazama kulia na kushoto, kama mtu anayetafuta kitu alichokizoea mahali pake na asikikute. Hakukuwa na mtu wa kupeleka neno lile. Akanyooka, akafuta mikono kwenye kitenge, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka yote ile akamtazama Papa Floribert usoni.

"Hakusomaka," alisema. "Jina yake tu njo kitu moja alijuaka kuandika. Alikuwa anaiandika mu udongo, na kijiti, juu ya kunionyesha. Alikuwa anaweka A."

Papa Floribert alivua miwani. Aliifuta kwa leso, akaivaa, akaivua tena.

"Kama yeye mwenyewe alikuwa anasinya vile," alisema mwisho, "basi njo jina yake. Sinyatire ya muntu, sahihi yake, haikosolewake. Nilikosa, Mama Victorine. Na ile bic nyekundu, pale nilikosa zaidi."

Akaweka jalada lake juu ya kaburi la jirani, akaingiza tai ndani ya shati, akapiga magoti kwenye majani yenye umande na kuanza kung'oa upande wake. Baada ya muda Mama Victorine alimwonyesha kwamba ule mmea aliong'oa si majani, ni ua, na akalirudisha chini yeye mwenyewe. Mama Clotilde alitafuta mahali pa kuketi. Hata siku alipopandishwa cheo hakujisikia vile.

Mwaka uliofuata, wakati wa kufunga hesabu, aliomba mwenyewe kurudi Idara ya Miti. Alikwenda kwa furaha, kama mtu anayekwenda kutembelea jamaa.

Kitu cha kwanza alichosikia uani kilikuwa kicheko. Papa Floribert na Mama Victorine walikuwa wamehamia ofisi moja. Mezani kulikuwa na sufuria moja yenye vijiko viwili. Tai ya Papa Floribert ilikuwa imelegea. Walimpokea Mama Clotilde kwa kumkumbatia, na yeye akakumbatiwa, na huku amekumbatiwa aliona, juu ya bega la Mama Victorine, funguo mbili za depo zikining'inia pamoja kwenye msumari mmoja, kwenye ukuta, mlango wa ofisi ukiwa wazi.

Akajitoa mikononi mwao taratibu.

Akaomba karatasi za kutoa vitu. Hazikuwepo. Mama Victorine alieleza kwamba haziandikwi tena, kwa sababu Papa Floribert akihitaji kitu humwambia. Akamuuliza Papa Floribert amejuaje kiasi cha kuingiza kwenye hesabu. Papa Floribert alisema aliambiwa na Mama Victorine. Akauliza miche imepungua kwa nini. Walitazamana, wakajaribu kukumbuka, wakasema imekufa, na Mama Victorine akaongeza pole. Akauliza mbuzi. Hakuna aliyejua habari za mbuzi. Kila alilouliza lilikuwa na jibu, na majibu yote yalikuwa "aliniambia" na "nilimwambia", na katika taarifa za mwaka Papa Floribert, yule aliyesahihisha menyu, alikuwa ameandika mahali fulani neno "karibu hivi".

Mwisho akauliza toroli moja liko wapi, pamoja na majembe mazuri na ile pompi.

Hapo walitazamana kama watoto waliovunja sahani. Ikajulikana kwamba marehemu shangazi alimwachia Mama Victorine kipande cha shamba nje ya mji, upande wa barabara ya Kasumbalesa, na kwamba baada ya kupatana walianza kulima pamoja. Mama Clotilde alisema anataka kuliona. Direkta, akiwa na jasho juu ya mdomo, alitoa gari. Walipita mstari mrefu wa malori yaliyokuwa yakielekea mpakani, wakakata kushoto kwenye njia ya udongo mwekundu, wakafika.

Lilikuwa shamba zuri, hilo hakuna ambaye angeweza kulikataa. Mahindi yalisimama kwenye mistari iliyonyooka kama hesabu, na katikati yake, limegeuzwa juu chini ili litumike kama kiti, lilikuwapo toroli la serikali na namba yake kwa rangi nyeupe. Pompi iliegemea mti. Majembe yalikuwa safi kuliko yalivyokuwa depo.

"Tunatumika nayo paka siku ya posho, siku ile tu," alisema Papa Floribert. "Siku ya kazi ya kwanza inarudiaka ku depo."

Posho kwao ni Jumamosi na kazi ya kwanza ni Jumatatu, na siku ile ilikuwa Jumatano, lakini Mama Clotilde hakulisemea hilo. Aliuliza tu ni nani anayeandika vitu vikitoka.

Mama Victorine alimjibu kwa upole, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo jema. "Mbele nilikuwa namuandikisha kila kitu. Sasa namuamini."

Hakuwa na aibu kuisema, na ndilo lililomuumiza Mama Clotilde. Katika kazi yake jambo hilo lilikuwa na jina, na jina lake halikuwa urafiki. Wawili waliowekwa kuchungana wakipatana, hakuna kufuli itakayosaidia. Na hawa alikuwa amewapatanisha yeye, kwa mikono yake, Jumamosi, akiwa na nia njema.

Walipokuwa wanarudi kwenye gari, Direkta Guelor alimvuta kando, nyuma ya mahindi.

"Mama," alinong'ona, "hauwezi kubagombanisha tena? Kidogo tu. Mupaka tufunge hesabu."

Mama Clotilde alimjibu kwamba hilo halimo katika mamlaka ya mkaguzi. Direkta alisema hata kupatanisha hakukuwemo. Njia nzima mpaka mjini Mama Clotilde alitazama dirishani.

Aliandika hati yenye mashaka, ndefu, ya haki. Aliandika funguo, aliandika toroli, aliandika "karibu hivi". Direkta hakungoja itiwe sahihi, aliteremsha fremu mwenyewe, akabaki na mraba mweupe ukutani ambao uliwafanya wageni waulize. Mama Clotilde, kabla ya kutia sahihi, alikwenda kwa mkuu wake, akaketi, akamweleza habari zote, pamoja na makaburi, na kuomba apewe mkaguzi mwingine afanye upya kazi ile, kwa sababu yeye hakuwa tena mtu wa nje. Mkuu wake alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha aliinuka, akafunga mlango, akacheka mpaka akaegemea kabati. Alipomaliza alifuta macho na kusema kwa uzito kwamba ametafuta kichwani kifungu cha kumwadhibu na hakipo, lakini kama mkaguzi asikanyage tena Idara ya Miti.

Mkaguzi mwingine alitumwa, akaandika yale yale kwa maneno machache. Zana zilirudishwa depo. Wale wawili walipewa barua za onyo, ambazo walizipokea wakiwa wameketi pamoja, na funguo zikatolewa kwenye msumari. Ya chini alibaki nayo Mama Victorine, maana Direkta hakuona wa kumbadilisha. Ya juu alipewa Annie. Lilikuwa chaguo bora kuliko Direkta mwenyewe alivyojua. Annie alikuwa amebeba matusi ya pande zote mbili kwa miaka, neno kwa neno, bila mtu kumuuliza kama amechoka, na hakuwa na imani na hata mmoja wao. Wiki ya kwanza tu alimrudisha Papa Floribert kutoka mlangoni kwa kukosa sahihi. Wiki ya pili aliuliza habari za mbuzi.

Mama Clotilde alipumzika moyoni, ingawa alijua kwamba atastaafu bila hati safi, kwa kuwa ile moja aliyoitoa hakuihesabu tena kuwa yake, bali ya ule ugomvi. Jumamosi moja, mvua zikielekea ukingoni, yeye na Zéphirin walialikwa shambani. Mahindi yalichomwa juu ya makaa, nayo yalikuwa yamepaliliwa kwa majembe ambayo Mama Victorine alitangaza kabla hajaulizwa kwamba alinunua mwenyewe. Papa Floribert alitaka mahindi yaliyobaki yaachwe yakauke mpaka yafae kwa unga. Mama Victorine alitaka yauzwe mabichi kesho, barabarani, kwa madereva wa malori wenye njaa. Walibishana uso kwa uso, kwa sauti kubwa, kila mmoja akimkatiza mwenzake, na hakuna aliyekuwa tayari kuacha.

Zéphirin aliinama kwa mkewe akamuuliza nani yuko sahihi.

Mama Clotilde alikuwa na hindi mkononi na punje mdomoni. Akatikisa kichwa kwamba hajui, akaligeuza hindi upande wa pili, akaendelea kula.